Babu Mume Apeleka Watoto Mlimani

Nilipokuwa kocha wa mieleka, watu wa mji wetu wa Kikirgizi walivuka barabara kuja kunisalimia. Vijana waliinamisha vichwa, wazee walinipa mikono miwili, na muuza nyama wa sokoni alinikatia mbavu nzuri kabla sijafungua mdomo. Shingo yangu ilikuwa nene kuliko kichwa changu, jambo ambalo mke wangu Burulcha alisema linaeleza mengi. Kisha jumba la mieleka likauzwa, likawa duka la vitanda na makochi. Kocha akatoka, makochi yakaingia, nami nikarudi nyumbani na shingo yangu.

Msimu mzima wa baridi nilikaa jikoni nikimfundisha Burulcha namna ya kukata vitunguu. Burulcha ni mwalimu mkuu wa chekechea, mtu mwenye subira nyingi, ila subira yake ina sakafu, na mwezi wa Machi niliigusa.

“Tologon,” aliniambia asubuhi moja huku akivaa viatu, “kuanzia kesho unakuja kazini kwangu.”

“Kufanya nini?”

“Theluji inayeyuka. Watoto wanaanza matembezi, bustanini, hifadhini. Nataka mtu mwenye nguvu wa kumsaidia Nurzada.”

“Watoto wa miaka minne, mitano? Mimi nimeangusha watu wa kilo mia na ishirini!”

“Hao hawakukuomba uwapeleke chooni,” akasema, akafunga mlango.

Nurzada alikuwa mwalimu wa kundi la wakubwa, msichana mwembamba mwenye sauti ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa. Kaka yake alipita mikononi mwangu zamani, kwa hiyo yeye peke yake pale ndiye aliyeniita Kocha. Niliwaambia na watoto waniite hivyo. Walinitazama shingo kwanza. Kisha Aibiyke, binti mwenye mashada mawili ya utepe mweupe makubwa kuliko kichwa chake, akaniuliza:

“Wewe si mume wa Mwalimu Mkuu?”

“Ndiyo, lakini mimi pia ni...”

“Anaitwa Babu Mume,” akawatangazia wenzake, na kuanzia hapo sikuwa na jina jingine.

Matembezi ya kwanza yalikuwa ya bustani ya mji, hatua chache tu kutoka chekechea. Nurzada alileta kamba ndefu yenye vitanzi, kila mtoto ashike chake. Nilicheka. Nikamwambia kamba ni ya mbuzi. Binadamu, hata awe mdogo vipi, anahitaji nidhamu. Nikaitundika kamba msumarini, nikavaa filimbi yangu shingoni, nikawapanga watoto mistari miwili kama timu inayoingia uwanjani. Tulifika bustanini vizuri kabisa. Miaprikoti ilikuwa imechanua, mabibi waliokuwa juani walitutazama, nami nikatembea nimetoa kifua. Pale katikati, ili waone ukocha ni nini, nikapuliza filimbi.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwa watoto wale filimbi ilimaanisha kimbia.

Walitawanyika kama mbaazi zilizomwagika. Wawili walipanda sanamu, wanne wakaingia chini ya benchi la wapenzi waliokuwa wamejificha vizuri mpaka wakati huo, na Erzat, mtoto wa mashavu mekundu asiyejua kuongea polepole, akaingia kwenye bwawa la bata mpaka magotini. Nikaingia nyuma yake. Yeye alitoka. Mimi nikabaki, maana tope lilinivua kiatu kimoja, nikawa nakitafuta kwa mkono huku bata wakinizunguka. Nikasikia Nurzada akisema, kwa ile sauti yake ya karibu na mgonjwa, “Nina boorsok, zimetoka kwenye mafuta sasa hivi.” Wote wakarudi. Hata bata walirudi. Mimi nilipata boorsok ya mwisho, kiandazi kidogo, na kiatu kimoja.

Tangu siku ile kamba haikubaki msumarini tena, na mimi nilifundishwa kazi yangu upya. Nilijifunza kwamba mtoto wa kwetu mwezi wa Aprili amevalishwa kama kabichi: ukimpeleka nyuma ya kichaka unavua koti, unavua suruali ya nje, unavua ya sufu, na unapofika kwenye ya mwisho jambo limeshatendeka. Nilijifunza pia kwamba hakuna mtoto anayeruhusiwa kukaa juu ya ardhi baridi. Nyanya zao walikuwa wamelisema hilo kwa namna isiyo na mjadala: baridi ya ardhi hupanda kwenye figo na haishuki. Kwa hiyo kila mtoto alibeba mgongoni kigodoro kidogo cha kukalia, kilichoshonwa kwa vipande vya rangi, na kabla ya mtu kukaa popote kilikuwa kinakaguliwa na Aibiyke, ambaye alikuwa nyanya tayari, ila alikuwa na miaka mitano.

Mwisho wa Aprili tukaenda hifadhini kuona maua ya tulipu ya mwituni. Gari lilitushusha langoni, na mlinzi akaanza kunielekeza: fuateni kijito, mkifika kwenye jiwe kubwa mshike kulia. Nadhani alisema kulia. Mimi wakati huo nilikuwa namweleza kwamba njia hizi nazijua, nilishawahi kuja. Ni kweli nilishawahi kuja, mara moja, nikiwa kijana, kwenye harusi, na kutoka kwenye harusi ile nakumbuka kofia ya bwana harusi, na karibu hakuna kingine.

Kwenye jiwe kubwa tukashika kushoto.

“Kocha, una uhakika?” Nurzada akauliza.

“Mwalimu, milima hii na mimi ni ndugu.”

Tulitembea na ndugu yangu kwa muda mrefu. Watoto waliuliza kwa nini maji ya kijito hayaishi, kwa nini mbawakawa ana haraka, na kama mimi ningeweza kupigana na dubu. Nilisema ingetegemea dubu. Uzio wa hifadhi tuliupita bila kuujua mahali ulipokuwa umelala chini, na tulipozunguka kilima, badala ya bonde la tulipu tukakuta nyumba ya wachungaji yenye paa la bati, zizi la mawe, na kondoo wengi wenye matumbo makubwa wakitutazama kama tumechelewa.

Hapo inabidi niwaambie kitu ambacho mji mzima sasa unakijua, kwa hiyo hakuna hasara. Mimi ni Mkirgizi, mtu wa taifa la wafugaji, lakini niliyezaliwa ghorofani. Kondoo nilimjua kwenye sahani. Na damu, hata tone moja, hunifanya nione nyota. Kwenye kila sherehe, wanaume walipotoka kwenda kuchinja, mgongo wangu ulianza kuuma, nikaenda kulala, nikaamka nyama imeshaiva. Kwenye mieleka, kijana akitoka damu puani nilimpa pamba na kumgeukia mwamuzi kulalamika juu ya pointi. Watu walisema Kocha Tologon ana moyo wa jiwe, hata hatazami.

Mwanamke mmoja alitoka zizini, wa umri wangu hivi, buti za mpira, mikono ya nguo imekunjwa mpaka viwikoni. Jina lake Seyilkan. Alitutazama tukishuka kilima tumeshika kamba.

“Hao wote wako, kaka?”

“Ni wa chekechea.”

“Afadhali. Nilianza kumwonea huruma mama yao. Mmepotea?”

“Hapana,” nikasema.

“Ndiyo,” akasema Nurzada.

Seyilkan akacheka. Alisema tulipu ziko nyuma ya kilima kile kingine, lakini watoto wamechoka, wapumzike kwanza, wanywe ayrani, maziwa ya mgando yaliyochanganywa na maji. Yeye hawezi kutuhudumia, mumewe ameenda mjini kuleta chakula cha mifugo, na kondoo mmoja ana uchungu tangu asubuhi. Mtoto amekuja vibaya, mguu mmoja umerudi nyuma. Watoto walikuwa wamekwishajipanga kwenye ukuta wa zizi, videvu juu ya mawe.

“Wewe mwenye shingo,” Seyilkan akaniita. “Njoo unishikie huyu. Peke yangu ananishinda.”

Nikafungua mdomo kusema habari za mgongo wangu.

“Babu Mume alikuwa bingwa!” Erzat akapaza sauti. “Anaweza kushika hata dubu!”

“Inategemea dubu,” Aibiyke akamkumbusha.

Ungefanya nini? Nikaingia. Nikapiga magoti kwenye majani makavu, nikamkumbatia kondoo shingoni kwa mshiko ambao uliwahi kunipa medali, nikainua macho mbinguni. Kulikuwa na wingu moja lenye umbo la buli. Nikalitazama wingu lile kwa upendo. Nyuma yangu nilisikia Seyilkan akihema na kusema na kondoo, “Haya mama, haya mama, kidogo tu,” na kondoo akilia kwa sauti ambayo ningependa kutoisikia tena. Nilikuwa naendelea vizuri. Nina hakika ningemaliza kwa heshima.

“Babu Mume!” Erzat akaita. “Hicho chekundu ni nini?”

Mtu mzima akiulizwa na mtoto, anatazama. Nikatazama.

Yaliyofuata nimeyajua kwa kuhadithiwa, tena na watu wengi kuliko waliokuwepo. Wanasema nilisema, “Ah,” kwa adabu, kisha nikaenda chini kiubavu, polepole, kama kabati. Nurzada akaruka ukuta. Yule msichana wa sauti ya wodini akakaa mahali pangu, akamkaba kondoo, na kuwaambia watoto wasisogee karibu na mlango.

“Amekufa?” Erzat akauliza.

“Hajafa,” akasema Seyilkan, mkono wake ukiwa ndani ya kondoo. “Anapumua kama trekta. Mlegezeeni kola, mmwache.”

“Asilale hapo chini!” Aibiyke akapiga kelele. “Baridi itapanda kwenye figo!”

Hilo watoto walilielewa. Waliingia zizini wote, katazo la mlango wakalisahau, wakafungua vigodoro vyao na kujaribu kunivingirisha juu yake. Walisukuma mguu, walivuta mkono, mmoja alivuta sikio. Sikusogea. Mwishowe wakaamua kwamba kama vigodoro haviwezi kukaa chini yangu, basi vikae juu, na wakanifunika navyo kuanzia shingoni mpaka miguuni.

Nilifumbua macho nikaona utepe mweupe, na juu ya utepe lile wingu, sasa limekuwa kama kiatu. Mtu alikuwa akiniingiza boorsok mdomoni kwa nguvu.

“Tafuna,” Erzat akaniamuru.

Nikatafuna. Kando yangu kondoo alikuwa ameshatulia, na mwanakondoo mmoja alikuwa akijaribu kusimama kwa miguu minne isiyofahamiana. Wa pili alikuwa mikononi mwa Seyilkan, mdogo, amelowa, kichwa kinaning’inia. Alimsugua kwa majani makavu, akampuliza puani, akamsugua tena.

“Kaka, umeamka? Usisimame, usije ukatuangukia. Fungua koti.”

“Nini?”

“Fungua koti, nimesema. Huyu anataka joto, na wewe humu ndani ndiye mwenye mwili mkubwa. Angalau kwa hilo utatufaa.”

Akamtia kifuani mwangu, nikamfunika. Alikuwa baridi na anateleza, na sikuthubutu kutazama chini, lakini nilimhisi. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha kitu kikaanza kugonga kwenye mbavu zangu, kidogo na haraka, kama mtu anayebisha hodi huku ameshika mizigo. Maisha yangu yote mikono hii ilikuwa na kazi moja, kuangusha. Niliishikilia pale bila kujua niikaze au niilegeze. Watoto walikaa kunizunguka, na kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu hakuna aliyeuliza kitu. Baada ya muda mwanakondoo akainua kichwa, akatafuta, akakuta nywele za kifua changu, akaanza kunyonya.

“Anakudhania mama yake,” Aibiyke akanong’ona.

“Mwacheni,” nikasema. Sauti yangu haikutoka vizuri. Ilikuwa ile boorsok.

Tulipu hatukuziona siku ile. Seyilkan mwenyewe ndiye aliyetusindikiza mpaka kwenye jiwe kubwa, akatuelekeza langoni kwa kumwambia Nurzada, si mimi. Mlinzi alisimuliwa yote kabla sijafika. Dereva alisimuliwa. Na pale chekechea, wazazi walipokuja kuchukua watoto, nilimsikia Erzat akimwambia mama yake uani kwa ile sauti yake ya kipaza sauti:

“Mama! Babu Mume alikufa, tukamfufua kwa boorsok, halafu akazaa kondoo!”

Jumamosi nilipokwenda sokoni, muuza nyama aliniona kwa mbali. Akafunika meza yake yote kwa gazeti.

“Karibu, Kocha,” akasema. “Sema unataka nini, nikukatie huku umefumba macho.”

Wanafunzi wangu wa zamani, wanaume wenye ndevu, walinipigia simu kuulizia afya ya mtoto.

Jikoni, Burulcha alicheka mpaka akakalia ndoo. Nilimwambia ni aibu, mke wangu, miaka yote hii nimeficha.

“Umemficha nani, mzee wangu? Siku ya harusi yetu, kaka zangu walipoleta kondoo wa kuchinjwa, ulijifungia chooni. Mama alikuja kuniuliza kama nina hakika.”

“Na ulimwambia nini?”

“Nilimwambia hutanipiga kamwe, maana ukiniona natoka damu utaanguka wewe.” Akainuka kwenye ndoo, akaifuta. “Lakini Jumatatu kuna kikao cha wazazi, na hapo sitaweza kucheka.”

Hakucheka kweli. Mama yake Erzat alikuwa na hasira, na haki alikuwa nayo. Mtoto wake amepotezwa mlimani, na nyumbani amewauliza mbele ya wageni ni nani aliyemshika nyanya shingoni wakati mama anazaliwa. Wengine walitaka matembezi yasimamishwe kabisa. Nikasimama. Kiti cha chekechea kilisimama nami, kilikuwa kimenikaza nyuma, na Burulcha akatazama dirishani ili asinione. Niliomba radhi kwa kushika kushoto na kwa kutomsikiliza mtu. Nikasema wamtafute mwingine anayejua milima, mimi nitarudi nyumbani kwa vitunguu.

“Kaa chini,” ikasema sauti nyuma. Ilikuwa nyanya yake Erzat, bibi mwenye kitambaa cheupe. “Wewe ukiondoka, nani atambeba mjukuu wangu akichoka? Huyu mwalimu mwenye mikono ya njiti?”

“Mama, alizimia mbele ya watoto!” akasema mama yake Erzat.

“Baba yako alizimia ulipozaliwa. Tulimmwagia maji ya birika. Alikuwa mwanajeshi.”

Nurzada akainua mkono, na kwa kuwa sauti yake ni ndogo, watu walinyamaza ili wamsikie. “Mimi nataka Kocha abaki,” akasema. “Tangu siku ile watoto hawakimbii. Wanaogopa kwamba wakimwacha peke yake ataanguka.”

Ndivyo nilivyobaki kazini, si kwa uhodari wangu bali kwa udhaifu wangu, na kwa sharti kwamba njia itachaguliwa na Nurzada. Wiki iliyofuata tulikwenda tena hifadhini. Kabla hatujaondoka langoni, Aibiyke alivuta kamba, akahesabu vitanzi, akanipa kimoja katikati, kati yake na Erzat.

“Shika, Babu Mume. Na ukisikia kizunguzungu, sema mapema.”

Kwenye jiwe kubwa tukashika kulia. Tulipu zilikuwa zimejaa bonde zima, nyekundu mpaka kileleni. Mtoto mmoja akaziba macho yangu kwa kofia yake kwa sababu ya ile rangi, ikabidi nieleze kwamba maua hayanidhuru. Hawakuamini mara moja. Waliniletea moja moja kwa maneno, bila kuchuma, wakisimulia kila ua lilivyo, mpaka wakaona naweza kustahimili.

Sasa ni miaka kadhaa imepita. Aibiyke yuko shule ya msingi na nasikia anawapangia walimu kazi. Kila Aprili kundi jipya la wakubwa hupelekwa kwa Seyilkan, kwa barua ya ruhusa ya wazazi, na kila Aprili Seyilkan hunipokea kwa kunikagua kama mnyama aliyerudishwa na mnunuzi. Mimi huwasha jiko la nje na kuchemsha chai nikiwa nimelipa zizi mgongo, na watoto huja mbio kunipa habari: sasa amelala, sasa amesimama, sasa analia. Wanasema yule aliyeninyonya nywele ni kondoo mkubwa mwenye tabia mbaya. Mwaka huu nilijikaza, nikasogea mpaka ukutani, nikatazama mpaka kwato mbili ndogo za njano zikatokea, na pua nyuma yake. Nilipoona pua nikasema nadhani maji yamechemka. Yalikuwa hayajachemka, nilikuwa hata sijaweka birika.